Posho ya nyumba ya GI Bill: darasa moja lililobeba kodi yangu

Kila kijana wa kwetu anapotoka jeshini hapa Marekani na kunipigia simu kuuliza habari za shule, namuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: utasomea darasani au mtandaoni? Wengi hushangaa. Wanajua GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, inalipa ada, wanajua kuna pesa za nyumba, na wanadhani pesa hizo ni zile zile popote utakaposomea. Sivyo. Kati ya anayeingia darasani kwa somo moja tu na yule anayesomea kwenye kompyuta jikoni kwake, tofauti katika miji ya bei ghali hupita dola elfu moja kila mwezi, na mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu wewe unasoma mtandaoni.

Mimi nilifika Marekani kutoka Nakuru kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikajiunga na jeshi la nchi kavu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanyia kambi ya Lewis-McChord, jimbo la Washington. Nilipotoka mwaka 2017 nilikuwa na mtoto mdogo, mume anayefanya kazi za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na nia ya kuwa nesi. Tulibaki Tacoma. Wakenya ni wengi kuanzia hapo hadi Kent na Seattle, kanisa lilikuwa karibu, na kuhama kungetutenga na watu wote waliokuwa wakitushikia mtoto.

Nieleze kwanza pesa zenyewe zinavyohesabiwa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kwa GI Bill ya baada ya 9/11, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2009, ada huenda moja kwa moja chuoni na posho ya nyumba huingia kwenye akaunti yako. Kiwango chake ni kile ambacho jeshi humlipa sajini wa ngazi ya E-5 mwenye familia. Haijalishi ulitoka na cheo gani, wala kama una mume, mke au watoto. Kinachoangaliwa ni msimbo wa posta wa kampasi unakohudhuria masomo yako mengi, unakoishi hakuhusiki. Ndiyo maana anayesomea San Francisco au Manhattan hupata zaidi ya dola 3,500 kwa mwezi, na anayesomea mji mdogo wa mashambani huenda asifikishe 1,500. Niliokaa nao jeshini walinilipia kahawa kwa kuwaambia hilo tu, kwa sababu mmoja wao alikuwa anachagua kati ya kampasi mbili za chuo kile kile.

Anayesoma mtandaoni pekee hupewa nusu ya wastani wa nchi nzima. Katika miaka hii ya karibuni nusu hiyo imekuwa dola elfu moja na kidogo. Akae Seattle, akae kijijini Kansas, ni hiyo hiyo. Na hata hiyo ilipiganiwa. Mpaka Septemba 2011 mwanafunzi wa mtandaoni hakupata hata senti ya nyumba. Bunge lilirekebisha sheria, Rais Obama akaitia saini Januari 2011, na malipo ya nusu yakaanza Oktoba mwaka huo.

Sasa, mlango ulio wazi ni huu. Ukiwa na somo moja la ana kwa ana kati ya masomo yako, unahesabiwa mwanafunzi wa darasani na posho yako inafuata kiwango cha kampasi. Mengine yote yanaweza kuwa ya mtandaoni. Lakini somo hilo lazima lihitajike katika shahada yako. Huwezi kujiandikisha kuogelea ili uonekane kampasini, kama kuogelea hakumo kwenye mpango wako. Chuo hakiruhusiwi kulithibitisha kwa Wizara ya Maveterani, inayolipa posho, na likithibitishwa kimakosa deni litakurudia wewe.

Kuna kipimo kingine kinachokwenda sambamba na hicho, nacho ni wingi wa masomo. Lazima uwe umezidi nusu ya mzigo kamili, la sivyo hupati posho yoyote, hata kama uko darasani kila siku. Pale ambapo mzigo kamili ni krediti 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), ukisoma 6 uko nusu kamili, na nusu kamili haitoshi. Ukisoma 7 unapata. Kisha asilimia hukadiriwa kwenye kumi iliyo karibu: krediti 9 kati ya 12 ni asilimia 75, nawe utalipwa asilimia 80 ya posho. Vyuo vya jamii vya Washington vinakwenda kwa robo mwaka, na masomo mengi yana krediti 5. Kwa hiyo masomo mawili yanakupa 10, yaani asilimia 83, na malipo ni asilimia 80. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, kujua kwamba masomo mawili yanaleta asilimia 80 ya pesa kunaweza kuwa ndiyo sababu ya kubaki shuleni. Kwangu mimi kulikuwa hivyo katika robo ambazo mtoto alikuwa akiugua masikio mara kwa mara.

Lililoniongoza kuliko yote, hata hivyo, ni hesabu ya miezi. GI Bill inakupa miezi 36. Mwezi wa masomo kamili mtandaoni unakula mwezi mmoja wa akiba yako, sawasawa na mwezi wa masomo kamili darasani. Unatumia kile kile na kupokea nusu. Nilipoliona hilo, niliacha kujiuliza ni chuo gani chenye ratiba nyepesi, nikaanza kujiuliza ni sehemu gani ya safari yangu ya unesi inafaa kulipiwa na miezi hii, na ni sehemu gani nimwachie mtu mwingine ailipe.

Wanaoijua njia ya unesi hapa watanielewa. Wengi wetu tunaanza kama wasaidizi wa wauguzi, tunavuka hadi uuguzi wa ngazi ya kati, kisha shahada ya miaka miwili na mtihani wa leseni, halafu mwisho ile shahada ya kwanza kamili. Hatua za awali zina maabara na mazoezi ya hospitalini, huwezi kuyafanya kwa kompyuta. Hatua ya mwisho, kwa mtu ambaye tayari ana leseni, siku hizi ni ya mtandaoni karibu yote, na hospitali nyingi huchangia ada ya wafanyakazi wao. Kwa hiyo niliamua miezi yangu itumike pale ambapo mwili wangu ulilazimika kuwa darasani, na hatua ya mtandaoni isubiri mwajiri.

Niliingia chuo cha jamii Septemba 2018. Somo nililolifanya nguzo ya kila kitu mwaka huo lilikuwa anatomia na fiziolojia, lenye maabara jioni mbili kwa wiki. Mengine, Kiingereza na saikolojia, niliyachukua mtandaoni nikiyasoma mtoto akilala. Mume wangu aliondoka nyumbani kwenda kazini saa nne na nusu usiku; maabara ilikwisha saa tatu. Ratiba yote ya familia ilining'inia kwenye saa hiyo moja na nusu iliyobaki katikati. Tulikataa darasa la asubuhi, ingawa mwalimu wake alisifiwa sana, kwa sababu lingetulazimu kulipia mtoto kituo cha kutwa, na bei za vituo hivyo Washington zingemeza sehemu kubwa ya ile nyongeza. Hapo ndipo nasema kila mtu apige hesabu yake mwenyewe: mafuta ya gari, maegesho, mtoto ataachwa na nani, saa za kazi utakazozikosa. Kuna mtu ambaye nusu ya mtandaoni pamoja na zamu zake kamili hospitalini inamwacha na pesa nyingi kuliko posho kamili bila zamu. Nimemshauri mama mmoja hivyo hivyo, na sikusita.

Lakini siyo pesa tu. Usiku tuliopasua moyo wa kondoo nilikuwa nimechoka, na harufu ya dawa ya kuhifadhia ilikuwa imenikaa puani. Mwalimu alinishika mkono akakipeleka kidole changu ndani ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, kisha ya kulia. Ukuta wa kushoto ulikuwa mnene, mgumu; wa kulia ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ungebonyea kwa ncha ya kidole. "Huu unasukuma damu mwili mzima," akasema, "huo mwingine unaipeleka mapafuni tu, hapo jirani." Mpaka leo nikimpima mgonjwa mwenye moyo uliochoka, nakumbuka unene ule. Sijui kama video ingenipa hilo.

Robo moja ya baridi ilinifundisha kusoma karatasi. Somo langu la ana kwa ana lilikuwa na wanafunzi wachache, na siku chache kabla ya muhula kuanza chuo kililihamishia mtandaoni. Barua pepe iliyokuja ilikuwa ya furaha kabisa: mwalimu ni yule yule, kitabu ni kile kile, huhitaji kufanya chochote. Hakuna aliyetaja posho. Nilikwenda ofisini kwa afisa wa maveterani wa chuo, yule anayepeleka taarifa zetu Wizara ya Maveterani, nikamwomba anionyeshe uthibitisho wangu kwenye skrini. Ulikuwa na safu mbili za krediti, moja ya ana kwa ana na nyingine ya masomo ya mbali. Ya kwanza ilisoma sifuri. Ya pili ilisoma 15. Kwa sifuri hiyo, robo nzima ningelipwa nusu ya wastani wa kitaifa, na kodi ya Januari tulikuwa tumeshaipangia.

Yule mama afisa, naye alikuwa mwanajeshi zamani, alivua miwani akaniambia, "Una hadi Ijumaa kubadilisha masomo bila gharama. Tafuta lolote lililo kwenye mpango wako lenye chumba na ubao." Nilipata takwimu, saa kumi na moja jioni, kampasi ile ile, nikaacha saikolojia ya ukuaji kwa muda. Safu ya kwanza ikasoma 5. Tangu siku hiyo sijawahi kuuliza "hili somo ni la darasani?" Nauliza "hili litaandikwa kwenye safu gani?" Masomo mengi siku hizi ni mchanganyiko, wiki hii chumbani, wiki ijayo kwenye skrini, na jina lililo kwenye katalogi halikuambii chochote kuhusu jinsi chuo kitakavyolithibitisha. Jibu la afisa, kwa maandishi, ndilo la kushika.

Ninaichukulia posho hii kwa uzito, na nina sababu. Sheria ya kwanza ya GI Bill ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 22 Juni 1944. Mwaka huo huo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa Burma na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakipita Bonde la Kabaw kwenye matope ya masika. Waliporudi makwao hawakukuta sheria kama hiyo ikiwangoja. Mimi nimekuta. Sitaki mtu wetu aipokee nusu kwa kukosa tu mtu wa kumweleza.

Hili la nusu naliona si haki, na nitalisema wazi. Hoja ya sheria ni kwamba anayesoma mtandaoni anaweza kukaa popote, akachagua mji wa bei nafuu. Kwenye karatasi inaeleweka. Lakini mama anayesomea mtandaoni mara nyingi yuko Tacoma kwa sababu mume ana kazi Tacoma, mtoto yuko shule Tacoma, na kliniki ya goti lake lililoumia jeshini iko hapo hapo. Na wapo walioumia kiasi cha kushindwa kuketi darasani kabisa, au wasioweza kukaa chumbani na watu thelathini tangu warudi kutoka vitani. Hao ndio wanaohitaji mtandao kuliko wote, na ndio wanaopewa nusu. Miswada ya kuwaongezea imekuwa ikifika Bungeni. Nimemwandikia mbunge wangu, na nawasihi wengine waandike. Barua ya askari mstaafu anayeishi jimboni husomwa.

Tena tulishaona kwamba serikali ikitaka inaweza. Machi 2020 vyuo vyote vya hapa vilifungwa. Washington ndiko mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikothibitishwa, Januari mwaka huo, na nyumba ya wazee ya Kirkland ndiyo iliyogeuka habari ya dunia nzima. Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika nyumba kama hiyo, na kila alfajiri alivua nguo gereji kabla ya kuingia. Masomo yetu yalihamia mtandaoni wiki ile ile. Kwa kanuni ya kawaida maelfu ya maveterani wangekatwa posho kwa siku moja, katikati ya muhula, bila kosa. Tarehe 21 Machi 2020 sheria ilitiwa saini kuruhusu tuendelee kulipwa kama wanafunzi wa darasani. Iliongezwa muda zaidi ya mara moja, hadi tarehe 1 Juni 2022. Nilimaliza masomo yangu ya unesi 2021 chini ya kinga hiyo. Bila hiyo sijui tungelipa kodi na nini, maana zamu za mume zilikuwa zimevurugika kwa karantini.

Kinga ile ilipokwisha, kuna waliofikiri bado ipo. Binamu yangu aliyetoka jeshini Texas, anayekaa Killeen, alikuwa na ratiba iliyoonekana salama: somo moja darasani, mawili mtandaoni. Tatizo lilikuwa tarehe. Muhula wake ni wa wiki 16, lakini somo la darasani lilikuwa la wiki 8 za mwanzo tu. Posho huhesabiwa kwa tarehe ambazo kila somo linaendelea. Wiki ya tisa ilipoanza, alikuwa amebaki na masomo ya mtandaoni matupu, na posho ikashuka ghafla. Alinipigia akidhani ni hitilafu. "Dada, wamenikata bila hata kunitumia barua." Nilimwambia afungue ratiba yake asome tarehe za mwisho wa kila somo kwa sauti. Alinyamaza alipofika la pili. Muhula uliofuata alilipanga somo la chumbani lianze siku ya kwanza na kuisha siku ya mwisho, na pesa zikatulia.

Na ukishapanga hayo yote, bado utalipwa baada ya mwezi kwisha, kwa siku ulizokuwa shuleni tu. Robo yetu ya vuli huanza mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo malipo ya kwanza mwanzoni mwa Oktoba ni ya siku chache. Kati ya robo na robo hakuna malipo. Yale ya likizo yalifutwa Agosti 2011. Desemba inakatwa katikati, Januari inachelewa kuanza, na kodi ya Januari haijui hayo. Sisi tulikuwa tukiweka pembeni pesa za Oktoba na Novemba kwa ajili ya hilo, na kiangazi nilifanya zamu. Pia kila mwisho wa mwezi huja ujumbe wa simu kuuliza kama bado umejiandikisha. Ujibu siku hiyo hiyo. Ukiacha kujibu miezi miwili mfululizo, malipo husimama.

Kwa waume na wake wa wanajeshi walio kazini, ambao wamehamishiwa miezi na mwenzi wao: posho ya nyumba hawapewi, kwa kuwa jeshi tayari linamlipa mwenzi makazi. Kwao swali la darasani au mtandaoni halina pesa ndani yake. Wachague lililo jepesi kwa maisha. Na anayetaka kumhamishia mtoto miezi yake afanye hivyo akiwa bado ndani ya jeshi. Ukishatoka mlango huo umefungwa, kama ulivyokuwa umefungwa kwangu.

Shahada yangu kamili niliimalizia mtandaoni, hospitali ikilipa, bila kugusa GI Bill hata mwezi mmoja. Kwa kuwa nilitoka jeshini baada ya Januari 2013, miezi yangu iliyobaki haina tarehe ya kuisha. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2017 iliwaondolea watu kama mimi ukomo wa miaka 15 wa kuitumia. Nataka kuitumia kwa shahada ya uzamili ya kuwa nesi mtabibu. Programu ninayoitazama ni mchanganyiko: mihadhara mtandaoni, mazoezi ya kliniki, na wikendi kadhaa kampasini kila muhula. Nimeshamwandikia afisa wa maveterani wa chuo hicho kumuuliza krediti zitaingia safu gani, muhula kwa muhula, na sitalipia fomu ya maombi kabla hajanijibu.